Wakristo wa kwanza waliimba nini hasa?

Mwalimu wa Kwaya
Wakuu, salaam. Nafundisha kwaya ya usharika. Mzee mmoja wa kanisa ametukalia kooni: kwake, wimbo usiotoka kwenye Zaburi ni mambo ya juzi, na kumwimbia Kristo moja kwa moja ni mtindo wa wageni. Nataka kumjibu kwa heshima, ila kwa ushahidi. Wale wa mwanzo waliimba nini? Na kuna tuni yoyote iliyosalia?

Sauti ya Nne
Mwalimu, anza na Pliny, gavana wa Kirumi wa Bithinia, Uturuki ya leo. Mnamo mwaka 112 alimwandikia Kaisari Trajan kwamba Wakristo aliowahoji hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kwa kupokezana, "kama mungu". Huyo ni mpagani aliyekuwa akiwaua, hana sababu ya kuwapamba. Halafu mfungulie Wafilipi 2:6-11, wimbo ambao Paulo aliukuta tayari unaimbwa.

Mchokozi
Hapo Wafilipi taratibu, mkuu. Wasomi wengi wanausema hivyo, hasa tangu Ernst Lohmeyer mwaka 1928, lakini Paulo hasemi popote kwamba ananukuu, na maneno yenyewe hayafuati mizani ya ushairi wa Kigiriki. Paulo akipandwa na moto anaweza kuandika vile mwenyewe. Mimi ningesimama na Waefeso 5:14, "Amka, wewe usinziaye". Pale mwandishi anatanguliza "Hivyo husema", na maneno hayo hayapo hivyo katika Agano la Kale.

Kuhusu tuni, ipo moja. Kipande cha mafunjo kutoka Oxyrhynchus, Misri, cha mwishoni mwa karne ya 3, kilichapishwa mwaka 1922. Upande mmoja ni hesabu za nafaka; nyuma yake mtu kaandika wimbo wa Kigiriki na noti juu ya maneno, kwa alama za muziki za Wagiriki wenyewe. Mwanzo umepotea. Kilichobaki kinaamuru nyota zinyamaze, kinamsifu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na nguvu zote zinaitikia Amina. Mtu alitumia tena karatasi iliyokwisha kuandikwa, ndugu zangu, na ubahili huo ndio umetuachia tuni. Ila msiifanye ya sauti nne, ni ya sauti moja.

Dada wa Alto
Mmesahau utamu wenyewe. Hoja ya mzee ina ukoo! Mwaka 268 hivi maaskofu walimvua uaskofu Paulo wa Samosata, wa Antiokia, na katika mashtaka yao wakaandika kwamba alikomesha nyimbo za kumsifu Kristo akidai ni za kisasa, zimetungwa na watu wa juzi. Neno kwa neno na mzee wako.

Mwalimu wa Kwaya
Hahaa! Asanteni sana. Ya Samosata nitaikalia kimya. Huyo mzee ndiye anayeshika hela za sare. Nitakwenda na Pliny.