Kugeuza banda la gari kuwa karakana ya pikipiki nyumbani: nianzie wapi?

Mkazi_wa_Kimara

Habari wakuu.

Nina banda la gari hapa Kimara, Dar es Salaam, mita 3 kwa 5.5, kuta za tofali, paa la bati bila dari, geti la chuma mbele. Gari halimo wala halitaingia. Nataka liwe karakana ya pikipiki: kuna Boxer 150, TVS HLX, na Honda CG125 ya zamani ambayo injini itafunguliwa yote. Sio gereji ya biashara, ila jirani akija na tatizo dogo asirudi hivi hivi.

Sakafu ni saruji nyembamba, imepasuka, na masika maji yanaingia kutoka uwanjani. Umeme ni soketi moja iliyovutwa kutoka sebuleni na taa moja katikati.

Sakafu ipigwe upya au rangi ya epoksi inatosha? Kompresa ni lazima, na umeme wa nyumbani utaihimili? Vifaa gani vianze, maana ukiingia maduka ya Kariakoo au Gerezani kila muuzaji anakwambia seti yake ndiyo kila kitu? Na stendi ya kunyanyulia pikipiki ninunue au nichomelee?

Zege_Kavu

Mkuu, epoksi juu ya sakafu iliyopasuka ni kupaka poda kwenye jipu. Mabanda mengi hapa mjini yana sentimita 4 au 5 tu za saruji juu ya kifusi. Jeki yenye guu dogo ikibeba uzito pale inatoboa.

Vunja yote, shindilia kifusi kikiwa na maji, tandika nailoni nzito ya ujenzi ili unyevu usipande, kisha mwaga zege la sentimita 10 lenye wavu wa chuma. Wavu unyanyuliwe kwa vipande vya mawe ukae katikati ya zege. Vibarua hupenda kuulaza juu ya nailoni halafu wanaumwagia. Wavu ukilala chini haukusaidii chochote.

Hesabu yako: 3 × 5.5 × 0.1 ni mita za ujazo 1.65. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 11 ya saruji ya kilo 50, nunua 12. Mchanga robo tatu ya mita ya ujazo, kokoto moja na nusu. Sasa simamia maji kwa macho yako, maana hapo ndipo sakafu nyingi zinapoharibika. Zege likiwa uji linasambaa kirahisi, lakini likikauka uso wake unakuwa unga, na unga huo unaingia kwenye kabureta na beringi zako kila siku. Lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umenyeshewa punguza. Funika kwa magunia na umwagilie siku 7.

Kuhusu masika: uso wa sakafu uwe juu ya uwanja kwa sentimita 10 au zaidi, mteremko sentimita 1 kwa kila mita kuelekea getini, na nje ya geti mfereji wenye kifuniko cha nondo. Kizingiti peke yake hakizuii maji ya Kimara, yanatoka mlimani na kasi.

Epoksi baada ya siku 28. Kwanza bandika kipande cha nailoni cha mita 1 kwa 1, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, kiache saa 24. Ukikuta jasho chini yake, subiri, la sivyo rangi itavimba na kubanduka kama ngozi. Halafu usirogwe ukapiga saruji nyekundu ya kung'arishwa. Tone la oili likidondoka pale, unateleza na pikipiki mkononi.

WayaMwekundu

Hiyo soketi ya sebuleni iachie redio. Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye bodi kuu: waya wa mm² 4, breka ya ampia 25, na bodi ndogo ndani ya karakana. Kutoka hapo soketi zipite kwenye waya wa 2.5 na breka ya ampia 20, taa waya wa 1.5 na breka ya 6. Breka ya uvujaji ya miliampia 30 usiiruke. Sakafu imelowa, umevaa ndala, grainda ina waya uliochubuka: breka ya kawaida haitastuka, ila moyo utasimama.

Kompresa sio lazima siku ya kwanza, ila ukianza kusafisha kabureta hutaki kurudi nyuma. Kwa kazi yako lita 50, nguvu farasi 2 inatosha. Ikishakimbia inakula ampia 8 au 9, lakini ikianza inavuta mara 5 hadi 7 ya hapo. Jioni umeme ukishuka kufikia volti 190, mota inanguruma bila kuzunguka. Zima hapo hapo. Ukiiacha, kapasita inaondoka, kisha mota yenyewe.

Usiiwashe kwenye ekstensheni nyembamba. Bora urefushe bomba la upepo kuliko waya. Na kila ikijizima isikilize: lazima itoe pumzi fupi, psss. Isipotoa, ujue kivalvu kidogo kwenye swichi ya presha kimeziba, kwa hiyo mota inalazimika kuanza ikisukuma upepo ulionaswa kwenye kichwa cha kompresa. Watu wanabadilisha kapasita mara tatu kumbe tatizo ni uchafu kwenye hicho kivalvu.

Kwa unyevu wa Dar, fungua koki ya chini ya tangi kila ukimaliza kazi. Maji yakitoka na rangi ya chai, kutu imeanza ndani.

Soketi zote ziwe mita 1.2 kutoka sakafuni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya pembeni, na swichi ya kompresa hutoa cheche kila inapowaka. Kwa sababu hiyo hiyo kompresa iwe juu ya ngazi ya tofali, mbali na mahali pa kufungulia matenki.

Taa: nne za LED za futi nne, wati 18, mbili kila upande wa stendi. Taa ya katikati inakuwekea kivuli cha kichwa chako mwenyewe juu ya injini.

Fundi_Tapeti

Zile seti za vipande mia na kitu, nusu hutazigusa na nusu nyingine chuma chake ni laini. Nunua kimoja kimoja: spana za ringi na flati 8, 9, 10, 12, 13, 14, 17, 19. Boksi spana saizi hizo hizo, za pembe 6. Ya pembe 12 inashika ncha tu za kichwa cha boliti, na boliti za bodaboda zilishachoka, inazila mara moja. Ongeza T-spana ya 8, 10, 12 na 14, allen 4 hadi 8, nyundo ya mpira, plaizi za saklipu, vernia na fila geji (visahani vyembamba vya kupimia nafasi) inayoanzia mm 0.05. Tapeti, yaani nafasi ya vali, za hizi pikipiki zinapimwa kwa mia za milimita, injini ikiwa baridi. Anayekuambia anasikiliza kwa sikio, mwache.

Spana ya toki ndogo, ile inayopima nguvu ya kukaza, Nm 5 hadi 25, nunua mapema kuliko kompresa. Boliti ya M6 kwenye kava la aluminiamu inataka kama Nm 10. Kwa spana ndefu mkono unafika 20 bila kujijua, na siku ya kufungua boliti inatoka imevaa nyuzi za injini. Tumia boliti za urefu ule ule pia: zipange kwenye kipande cha boksi ulichochora umbo la kava na kutoboa matundu. Fupi ikikaa mahali pa ndefu inashika nyuzi tatu tu, na hizo tatu ndizo zinazong'oka.

Skrubu za kabureta za Kijapani zinafanana na nyota ya kawaida, lakini bisibisi ya kawaida haizami hadi chini. Inapanda na kula kichwa. Tafuta yenye alama ya JIS, kiwango cha Kijapani.

Kwa CG yako utahitaji pula ya kuvutia sumaku ya injini na boksi spana ya meno manne ya upande wa klachi. Pima nyuzi za sumaku kabla ya kununua pula. Patasi na nyundo kwenye ile nati ya meno manne ndiyo sababu nyingi zimekatika meno.

Stendi, chomelea. Jukwaa urefu mita 2.1, upana sentimita 60, skwea paipu ya 40 × 40 unene mm 2, miguu sita iliyounganishwa kwa paipu za mshazari, juu bati la vidoti la mm 3. Kimo weka sentimita 40 na ufanye kazi umekaa kwenye kigoda. Ukitaka sentimita 75 usimame, mbao ya kupandishia yenye mteremko ule ule inabidi irefuke kutoka mita 2 hadi 3.75, ukijumlisha jukwaa ni 5.85: uko nje ya geti.

Mbele weka kishikio cha tairi, pembeni vipete vinne vya mikanda. Mkanda wa mbele shika chini kwenye bano la shokapu, sio kwenye usukani, unazunguka. Na ukitaka kutoa injini, funga mikanda ya nyuma kwanza.

Mkazi_wa_Kimara

Asanteni sana wakuu. Kushusha injini ya CG, naweza kufunga mnyororo wa kunyanyulia kwenye kenchi za paa? Na petroli niitunzie wapi?

Zege_Kavu

Kenchi hapana. Zile mbao zimepigiwa hesabu ya bati na upepo, sio mzigo unaoning'inia sehemu moja.

Fundi_Tapeti

Na huhitaji. Injini ya CG ni kilo 25 hadi 30. Weka kreti ya mbao chini yake, jazia vipande vya mbao hadi iguse injini, ondoa boliti za fremu, kisha watu wawili wanyanyue fremu na kuiacha injini pale pale. Ukihangaika kuchomoa injini kwenye fremu, utakwaruza fremu na kubana vidole.

Mama_Spana

Nyongeza kutoka Kigamboni, ambako chumvi haina huruma. Ule ubao wa kuning'iniza spana ukutani unapendeza kwenye picha, ila hapa unazalisha kutu. Weka spana kwenye droo au boksi linalofunga, zifute kwa kitambaa chenye oili nyepesi baada ya kazi. Kimara ni afadhali, lakini banda la bati linafukuta mchana na usiku linatoa jasho, kwa hiyo athari ni ile ile. Ubaoni ning'iniza vya plastiki na nyaya.

Meza ya kazi kimo cha sentimita 90, mbao za 2 × 6, juu bati la mm 1.5 lililokunjwa ukingo kidogo ili gololi zisidondoke. Jiriwa ya inchi 5 ikae juu ya mguu wa meza, sio katikati ya ubao, na taya yake isiyotembea ipite ukingo wa meza kidogo, ndipo unaweza kubana kitu kirefu kikasimama wima. Tengeneza vifuniko vya aluminiamu vya taya.

Petroli isilale humo ndani. Dumu la chuma linalofunga vizuri, nje, kivulini, mbali na jiko. Kabureta ifunguliwe nje au mlangoni. Ukutani toboa safu ya matofali ya matundu karibu kabisa na sakafu na nyingine juu ya lenta, mvuke utoke chini na joto litoke juu. Mtungi wa zimamoto wa unga mkavu, kilo 6, tundika karibu na geti. Ukiuweka ndani kabisa utaufuata kwa kupita kwenye moto. Moto wa petroli usiumwagie maji, na namba ya zimamoto ni 114.

Oili chafu ikusanye kwenye dumu la lita 20 na uwape wanaoikusanya. Usiimwage kwenye ule mfereji wa Zege_Kavu, inaishia kisimani kwa mtu.

WayaMwekundu

Kabla hujamwaga hilo zege: bomba la waya wa umeme kutoka nyumbani lilazwe sasa, la mm 25, likiwa na kamba ya kuvutia ndani na ncha zote mbili zimezibwa kwa nailoni. Laza na la pili tupu pembeni yake. Na nondo ya ethi ipigwe ardhini nje, kando ya ukuta, isifukiwe chini ya sakafu, ili boliti yake ionekane na ikazwe ikilegea.