Giant's Causeway na Game of Thrones kwa siku moja

Swali: Wakuu, tuko wanne, tumekodi gari na dereva kutoka Dublin kwenda Ireland Kaskazini, kuona Giant's Causeway (pwani ya nguzo za mawe) na sehemu ilikorekodiwa tamthilia ya Game of Thrones. Tuanzie wapi?

Jibu: Dark Hedges, ile barabara iliyofunikwa na matawi ya miti, asubuhi sana kabla mabasi ya watalii hayajajaa. Barabara yenyewe imefungwa kwa magari, egesheni jirani mtembee. Kisha bandari ya Ballintoy, iliyotumika kama Pyke, kisiwa cha kwenye tamthilia: mteremko ni mwembamba wenye kona kali, lakini gari dogo linashuka.

Jibu: Daraja la kamba la Carrick-a-Rede, kateni tiketi mapema mtandaoni. Liko mita 30 juu ya bahari. Upepo ukizidi linafungwa. Causeway vaeni viatu vyenye meno, yale mawe meusi karibu na maji yanateleza vibaya.

Jibu: Kagueni viza kwanza! Ireland Kaskazini ni Uingereza; kwa pasi ya Kenya au Tanzania, viza ya Ireland pekee haitoshi.