Kiwanja cha mbwa: fomu imerudishwa mara ya tatu

Mtanga wa Bamburi, Jumanne saa 5 asubuhi

Ndugu zangu, salaam. Nimetoka dirishani sasa hivi na fomu yangu ya kusajili kikundi imerudi tena. Mnajua tunavyohangaika sisi wa kujitolea tupate kipande cha ardhi ya umma, kizungushiwe uzio, mbwa wakimbie bila kamba. Katiba ya kikundi ipo, muhtasari wa kikao upo, barua ya chifu ipo. Tuko kumi na wawili. Bibi wa dirishani kapitisha kalamu nyekundu juu ya majina manne, yetu sisi wenye kadi ya mgeni. Akasema waliobaki ni wanane, na sheria inataka kumi.

Naomba kuuliza: kuna aliyesajili kikundi hapa Mombasa akiwa na Watanzania ndani? Alipitia wapi? Naomba jibu la aliyefanya mwenyewe.

Mama wa Mikindani

Pole sana mdogo wangu. Mimi yalinikuta kwenye PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi. Pasi ina majina matatu, kadi ina mawili, basi wiki sita nazungushwa, leo nenda huku, kesho rudi kule. Kilichoniokoa ni hati ya kiapo ya wakili. Hebu kagua majina yenu yanalingana kila mahali. Halafu, kwa nini msiwapeleke mbwa kule bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari? Pamepanuka siku hizi.

Mtanga wa Bamburi

Shikamoo dada. Majina yanalingana. Mama Ngina tangu pakarabatiwe 2019 watu ni wengi, watoto wamekaa chini na mihogo yao ya kukaanga. Siwezi kumfungua mbwa pale. Na huku mtaani, saa saba mchana, yale matofali ya barabara yanamuunguza nyayo mpaka anainua mguu mmoja mmoja. Nilimvusha mpaka wa Horohoro na kadi yake ya chanjo mkononi. Sikumleta aje kufungwa nyuma ya jiko.

Mpemba wa Majengo

Mama Mikindani, mwenzio hakuuliza PIN.

Mimi nina neno juu ya kiwanja chenyewe. Nyumba yangu na msikiti ni hatua thelathini. Kwetu Mashafii, mbwa akinigusa na pua yake mbichi, nguo ile naiosha mara saba, mojawapo kwa udongo, ndipo niswali. Mtu wa alfajiri hana nafasi hiyo. Simchukii mnyama. Pemba baba yangu alikuwa na mbwa wa kulinda shamba, na chakula alimpelekea mwenyewe kabla hajala yeye. Ninachosema, ombeni mahali pasipokuwa njia ya wanaokwenda kuswali. Wekeni milango miwili, wa nje ufungwe kwanza ndipo wa ndani ufunguliwe. Na mkazungumze na imamu kabla hamjazungumza na kaunti. Mkimwendea baadaye atajua mmemdharau, na atakuwa na haki.

Daktari wa mifugo mstaafu, Kisauni

Mmekwama kwenye dirisha moja na milango mingine iko wazi. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne: leseni za mbwa na ustawi wa wanyama ni kazi ya kaunti. Bustani na fukwe pia ni zake. Basi pelekeni ombi bunge la kaunti. Kifungu cha 37 kinasema kila mtu, hakisemi raia.

Na ombi lenu lianze na chanjo, lisianze na raha ya mbwa. Asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa wamekipata kwa mbwa, na kukikata mtaani kunahitaji mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Kiwanja chenye njia moja ya kuingilia ndipo pa kukagulia kadi za chanjo. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya ugonjwa huu, itumieni. Nimeona mtoto aliyeumwa akaletwa amechelewa. Sitaki kuona mwingine.

Fundi wa Changamwe

Daktari, kwa heshima zote, ombi halifungui akaunti ya benki. Waya wa uzio unanunuliwa, na mchango wa watu huwezi kuuweka kwenye simu ya mtu mmoja. Usajili wanauhitaji tu.

Lakini lililo kubwa zaidi ni ardhi. Someni ripoti ya Ndung'u ya 2004 mwone viwanja vya umma vilivyogawiwa watu nchi hii. Hicho kipande mnachokiona kina magugu, mmeuliza kina hati ya nani? Mtapiga nguzo leo, kesho mtu atakuja na karatasi. Watoto wa mtaa wangu wanacheza mpira katikati ya malori.

Mama wa Mikindani

Umenikumbusha ufukwe wa Raskazone, kwetu Tanga. Jioni maji yametoka, mbwa wa jirani yetu anakimbiza kaa mpaka mbali kule, anarudi na mchanga puani. Hakuna aliyeuliza fomu. Miaka kumi na moja sijaiona Tanga jioni.

Mtanga wa Bamburi

Dada, umenitoa machozi. Mzee Mpemba, kesho baada ya Asri naenda kwa imamu, ukiweza tufuatane. Daktari, naomba unisaidie kuandika ombi.

Kuhusu swali langu sijapata jibu. Majirani wawili Wakenya wamekubali kuingia, watatimia kumi, na sisi wanne tulioanzisha tutakaa nje ya orodha. Limeniuma, lakini fomu itapita. Bado namtafuta aliyefaulu kwa kadi ya mgeni, aniandikie hata usiku.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunaokota chupa pale. Njooni na glavu na magunia, vigae ni vingi upande wa ukuta.