Matuta mbele ya lango la shule, Nakuru mjini: tujenge wenyewe?

KamatiYaWazazi

Hamjambo wana jukwaa. Tuko Nakuru, upande wa Pipeline. Kuna barabara ya lami inayoingia mtaani kutoka barabara kuu ya A8. Upana wake ni mita 6, haina njia ya waenda kwa miguu, na upande mmoja kuna mtaro wa wazi. Mita 200 hivi kutoka makutano kuna shule ya msingi ambayo lango lake linafunguka barabarani moja kwa moja. Lami ni mpya, kwa hivyo matatu na boda zinakimbia kama ziko kwenye barabara kuu.

Wazazi wamekubaliana kuchanga tujenge matuta mawili ya zege mbele ya lango. Jumamosi moja kazi imekwisha. Kabla hatujanunua saruji naomba ushauri wenu: tuta liwe na kimo gani na upana gani? Tunahitaji ruhusa ya nani? Na je, matuta yatatosha? Nauliza kwa sababu watoto wengi wanatoka ng'ambo ya A8.

LamiNaKokoto

Tafadhali, saruji msinunue kwanza. Kuweka kitu barabarani bila idhini ya mwenye barabara ni kosa, na boda akianguka hapo usiku, wa kwanza kuulizwa ni aliyelijenga tuta.

Anzeni kwa kujua barabara ni ya nani. Za daraja S, A na B ziko chini ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), C ziko chini ya KeRRA (mamlaka ya barabara za vijijini), na kuanzia D kushuka ni za kaunti. Ndani ya mji, nyingine ni za KURA (mamlaka ya barabara za mijini) na nyingine za kaunti. Kwa hivyo inaelekea barabara yenu ya mtaa ni ya kaunti, lakini pale inapokutana na A8 mnaingia kwa KeNHA. Ni ofisi mbili na barua mbili. Maombi mengi hukwama hapa: barua moja inapelekwa kwa ofisi isiyohusika na inakaa kwenye faili.

Sasa vipimo. Tuta zuri la mviringo ni pana, si fupi: mita 3.7 ukipima kufuata mwendo wa gari, na kimo sentimita 10 katikati. Gari likipita kwa kilomita 30 kwa saa halisumbuliwi, likija na 50 dereva anajua. Kama matatu kubwa na malori yanapita, shusheni kimo hadi sentimita 7.5. Tuta la zege la upana wa nusu mita, lile mnalofikiria, linafanya kinyume: gari dogo linagonga chini hata kwa 15, lakini pikipiki ikiwa na mwendo inaruka na kutua ng'ambo bila kupunguza. Isitoshe, mjamzito anayekimbizwa hospitali kwa tuktuk atalisikia kila pigo.

Mbele ya lango la shule mimi singeweka tuta la mviringo. Ningeweka kivuko kilichoinuliwa: juu kiwe bapa mita 3 hadi 4, kimo sentimita 10, na kila upande mteremko wa mita 1 hadi 1.5. Juu yake ndipo mnachora zebra. Mtoto anavuka akiwa ameinuka machoni pa dereva, haoshwi na maji ya barabarani, na tuta lenyewe linamwonyesha mahali pa kuvukia. Kisha wekeni tuta la mviringo kabla na baada ya kivuko, umbali wa mita 60 hadi 80. Mkizidisha mita 100, magari yanarudia kasi yake katikati.

Kuhusu ujenzi, mpate picha ya gharama mtakapoongea na injinia wa kaunti. Tuta la mviringo la mita 3.7 kwenye barabara ya mita 6 lina ujazo wa karibu mita 1.5 za ujazo baada ya kushindiliwa, yaani kama tani 3.5 za lami ya moto. Agizeni 4. Lami ya zamani inakatwa mfereji wa sentimita 3 hadi 5 kwenye kingo mbili za tuta, inafagiliwa hadi vumbi liishe, inapuliziwa lami nyepesi ya kushikanisha, ndipo lami ya moto inamwagwa na kushindiliwa kwa rola. Umbo linafuatwa kwa kiolezo cha plaiwudi kilichokatwa kwa vipimo. Mkiona mkandarasi anamwaga juu ya vumbi, bila mfereji wala kiolezo, simamisheni kazi. Tuta hilo litabanduka ukingoni masika ya kwanza, na vipande vyake vitabaki barabarani vikiwa hatari kuliko tuta lenyewe.

Steji_ya_Chini

Niongeze moja kuhusu ule mtaro. Lazima muache nafasi ya maji kando ya tuta, sentimita 20 hadi 30, la sivyo maji yatatuama upande wa juu na kuila lami kutoka chini. Lakini hiyo nafasi ndiyo boda watakayopitia, na hapo hapo ndipo mtoto anatembea. Pigilieni vigingi viwili vya chuma au zege pembeni kabisa, vipakwe rangi nyeupe na nyekundu. Bila vigingi mmehamisha pikipiki kutoka katikati ya barabara mkazileta kwa watoto.

Na steji ya boda isiwe langoni. Ikiwa pikipiki 10 zimepangwa pale, mtoto anatokea katikati yake na dereva hamuoni mpaka ameshakanyaga lami. Isogezwe mita 15 hivi. Mwenyekiti wa steji akielezwa vizuri anaelewa, maana kesi ikitokea ni ya vijana wake.

HesabuZaKasi

LamiNaKokoto amesema vema, ila pelekeni namba. Barua ikisema "magari yanakimbia sana" inajibiwa "tutaangalia". Ikisema "magari 85 kati ya 100 yanakwenda hadi kasi hii, na watoto 300 wanavuka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi" inabidi mtu atafute jibu.

Kupima hakuhitaji mashine. Pimeni mita 100 kwa kamba, mweke alama mbili za chokaa pembeni. Mtu mmoja kila alama, wa kwanza anainua mkono gurudumu la mbele likifika kwake, wa pili ana saa ya simu. Gawanya 360 kwa sekunde, jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 12 ni 30. Sekunde 7.2 ni 50. Sekunde 6 ni 60. Msitumie mita 20 au 30 kwa sababu mkono ukichelewa kidogo tu namba inaharibika.

Pimeni magari yaliyo peke yake tu, si yaliyo nyuma ya lori, na msivae jaketi za kung'aa wakati wa kupima. Dereva akiwaona anapunguza. Fikisheni 100, muyapange kutoka la polepole hadi la kasi, mchukue la 85. Hiyo ndiyo kasi ambayo injinia anaitumia.

Kwa nini 30 na si 50, wakati sheria inaruhusu 50 ndani ya makazi? Dereva wa kawaida anachukua kama sekunde moja na nusu toka aone hadi breki ishike. Kwa 50 gari limeshakula mita 21 kabla breki haijaanza kazi, halafu linahitaji nyingine 14 kwenye lami kavu. Jumla 35. Kwa 30 jumla ni 18. Sasa mwekeni mtoto mita 18 mbele ya gari. La 30 linasimama mbele yake. La 50 linamfikia breki ikiwa bado haijashika, kwa kasi ile ile ya 50. Andikeni hivyo kwenye barua. Lami ikilowa, pengo linazidi.

Hesabuni pia wanaovuka, kwa vipindi vya dakika 15, na muweke alama kwenye ramani ya mkono mahali hasa wanapovukia. Watu wana njia yao. Zebra ikichorwa mita 60 kutoka njia hiyo, itabaki pambo.

KamatiYaWazazi

Asanteni sana. Tumepima asubuhi tatu. Gari la 85 limetumia sekunde 6.9. Kwa fomula hiyo ni 52. Boda tumezihesabu kando na zimezidi hapo. Saruji tumeahirisha.

Sasa A8. Pale ni njia mbili kila upande na ukingo katikati. Wazazi wengine wanataka daraja la miguu, wengine wanataka matuta kwenye barabara kuu. Tuombe lipi?

LamiNaKokoto

Daraja la miguu msiliombe kwa pupa. Malori lazima yapite chini, kwa hivyo sakafu ya daraja inafika kama mita 6 juu. Kwa mteremko wa 1 kwa 12, ambao kiti cha magurudumu na mkokoteni vinaweza kupanda, hiyo ni mita 72 kupanda na 72 kushuka. Mtoto aliyechelewa shule atapita chini. Daraja linafanya kazi likiwa juu ya njia watu wanayotembea tayari, na katikati ya barabara kuna uzio wa kutosha pande zote mbili ili njia ya chini isiwe fupi. Kinyume cha hapo mtapata daraja tupu na watu barabarani.

Kivuko cha chini kina hatari yake, na ni moja inayoua sana kwenye njia mbili: lori la njia ya kushoto linasimama kumpisha mtoto, na matatu ya njia ya kulia inalipita lori kwa kasi. Mtoto na dereva wa matatu hawaonani kwa sababu lori liko kati yao. Dawa ni mbili. Mstari wa kusimama urudishwe nyuma mita 6 hadi 10 kutoka kwenye zebra, ili lori lisizibe macho. Na kasi ishuke kabla ya hapo, kwa mistari ya kutikisa kisha tuta au kivuko kilichoinuliwa, na alama za kutosha mapema. Tuta la ghafla kwenye barabara ya malori bila onyo linaleta ajali za kugongana nyuma.

Ukingo wa katikati uwe na upana wa mita 2 penye kivuko, mtoto na mzazi wasimame humo salama. Mwendo wa mtoto ni kama mita 1 kwa sekunde. Njia mbili ni mita 7, sekunde 7, ongeza 2 za kujiamini. Magari yakija na 80, mtoto anahitaji nafasi tupu ya mita 200. Yakija na 50, mita 125. Akiwa na mahali pa kusimama katikati, anavuka upande mmoja kwa wakati. Asipokuwa napo, anahitaji nafasi hiyo pande zote mbili kwa pamoja, na asubuhi kwenye A8 haipatikani.

Angalieni na kona ya barabara yenu inapoingia A8. Kona ikiwa imekatwa kwa duara pana la mita 12 au 15, magari yanaingia mtaani bila kupunguza. Ombeni ibanwe hadi mita 6 hivi kwa ukingo wa zege. Kazi ndogo, faida yake kubwa. Na steji ya matatu iwe mbele ya kivuko, si kabla yake, ili abiria avuke nyuma ya gari anapoonekana na magari yanayokuja.

Kwa taa: mlingoti mrefu wa mulika mwizi unaangaza mtaa mzima lakini mtu kwenye zebra anaonekana kivuli. Taa ya kivuko iwekwe mita chache kabla ya zebra, upande magari yanakotoka, imwangaze mtu mbele.

Bajeti_ya_Wadi

Barua nzuri ikifika wakati mbaya inangoja mwaka mzima, kwa hivyo shikeni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unafika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, karatasi ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kivuko chenu kisipotajwa kwa jina na mahali katika mpango wa Septemba, Aprili mtaambiwa hakina kifungu. Nendeni kwenye mikutano ya maoni ya wananchi na karatasi, mhakikishe imeandikwa kwenye kumbukumbu.

Nakala ziende kwa MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti), msimamizi wa wadi, afisa wa barabara wa kaunti na KeNHA, kila moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkikaa bila jibu, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinawapa haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti.

Data ya ajali za sehemu hiyo mnaweza kuidai chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kuwajibu. Ombeni mambo manne tu: tarehe, saa, aliyeumia alikuwa nani barabarani (mtembea kwa miguu, boda, abiria), na mahali penyewe. Msiombe majina, mtacheleweshwa.

HesabuZaKasi

Na mkishajengewa, rudini na kamba ile ile, mahali pale pale, saa zile zile, mpime 100 tena. Gari la 85 likiwa bado juu ya 35, matuta yako mbali mno au kimo kimepungua. Pimeni kimo kwa ubao mnyoofu na rula kabla injinia hajatia sahihi kazi imekwisha, maana baada ya sahihi mkandarasi hapatikani kwa urahisi. Rangi ya zebra ombeni ile inayoyeyushwa kwa moto yenye chembe za kioo. Ya kawaida haimalizi msimu wa mvua.

KamatiYaWazazi

Nimenakili yote. Jumatatu tunapeleka barua mbili, ya kaunti na ya KeNHA, pamoja na jedwali la kasi. Mwenyekiti wa steji amekubali kusogeza boda hadi kwenye mti wa pili kutoka langoni, mita 18 kwa kamba.