Sadaka yenye bei: watawa wa Kibudha wamenichosha

Wanajamvi, salaam. Naandika kutoka Osaka nikiwa na hasira, mniwie radhi nikipitiliza.

Baba mkwe wangu alifariki mwezi uliopita. Mtawa wa hekalu la ukoo alikuja nyumbani, akanywa chai, na mume wangu alipomuuliza gharama ya kaimyo, yaani jina la kidini analopewa marehemu, aliinamisha kichwa akajibu kwamba tutoe kadiri ya mioyo yetu. Tukatia yen 200,000 katika bahasha nyeupe. Jioni akatupigia simu mtu wa mazishi, siyo mtawa, akatueleza kwa adabu nyingi kwamba kwa jina la hadhi ya mzee yule mioyo yetu ilipaswa kufika 600,000. Na kwa kuwa kaburi la ukoo limo ndani ya ua wa hekalu hilohilo, ukibishana utayapeleka wapi majivu ya mzee?

Mwaka 2015 kampuni moja ilipoanza kuuza huduma ya mtawa kupitia Amazon kwa yen 35,000, shirikisho la Wabudha wa Japani lilipinga likisema ibada inageuzwa bidhaa. Sisi tulikuwa tayari kulipa bei, ila itajwe kuwa ni bei.

Najua watakuja wa kuniambia kwamba hao ni Wajapani, walioruhusiwa kuoa na kula nyama tangu amri ya 1872, na kwamba watawa halisi ni wa Theravada, tawi la Ubudha linalofuatwa Thailand, ambao sheria yao inawakataza kupokea fedha. Si ni Thailand hiyohiyo ambako mwaka 2013 mtawa alionekana kwenye video akiwa ndani ya ndege binafsi, na miwani ya jua na begi la Louis Vuitton, kisha mwaka 2018 akahukumiwa miaka 114 kwa makosa yakiwemo ya utapeli? Upande wa Zen, tawi jingine la Ubudha, mkuu wa hekalu la Shaolin nchini China, Shi Yongxin, alivuliwa utawa Julai 2025 kwa tuhuma za kutafuna mali ya hekalu.

Tena si jambo la leo. Mapokeo yao wenyewe yanasimulia kwamba miaka kama 100 baada ya Buddha kufariki, watawa wa Vesali, mji wa India ya kale, waliweka bakuli la shaba lenye maji, wakawaomba waumini watumbukize sarafu. Mtawa Yasa alikataa mgawo wake, na wenzake wakataka kumtenga.

Wema wapo, sikatai. Jirani yetu mmoja ni mtawa wa hekalu dogo lisilo na waumini wengi, na anaishi kwa mshahara wa ualimu. Huyo hajawahi kututumia mtu wa kutusemesha bei.

Ibada ya siku ya 49 tangu mzee afariki inakaribia, na bahasha nyingine inasubiriwa. Aliyewahi kudai risiti hekaluni anieleze alianzaje.