Wafanyabiashara mliookoka: misimamo yenu ya maisha mnaiandikaje ikashikika?

Mnyalukolo_wa_Viazi:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nanunua viazi mashambani huku Uporoto, Mbeya, napeleka Dar. Mwaka huu nimekusudia kuishi kwa misimamo niliyoiandika, nisiwe mtu wa kufuata upepo. Nimeandika: niwe mwaminifu, nimtangulize Mungu, nipende watu. Mke wangu kasoma, akasema hayo hata asiyemjua Mungu angeandika.

Kinachonisumbua hasa ni lumbesa. Sheria inataka kifungashio kisizidi kilo 100, lakini huku gunia linajazwa mpaka linaota kichwa juu ya mdomo, kinafumwa kwa kamba, na mkulima analipwa gunia moja. Nikikataa, wenzangu wanapata kilo nyingi kwa hela ileile, wakifika sokoni wanauza chini ya bei yangu. Unaandika nini ambacho siku ya kupakia, vibarua wanasubiri na dereva anapiga honi, bado kitakushika?

Neema_Yatosha:
Kaka, omba. Hatuko chini ya sheria bali chini ya neema (Rum 6:14). Ukianza kujiandikia amri utaishia kujihesabia haki.

Mama_Ghala:
Mwanangu, nimenunua mahindi Nyanda za Juu Kusini tangu ujana wangu, nikuambie ninavyoliona.

Soma Danieli 1 taratibu. Yule kijana, mateka huko Babeli, alikubali kuitwa Belteshaza. Alikubali lugha ya Wakaldayo na masomo ya miaka 3 katika nyumba ya mfalme. Palipofika chakula cha mfalme, "aliazimu moyoni mwake" asijitie unajisi nacho. Hakugombania kila kitu. Alichagua pa kusimama, kisha akamwendea mkuu wa matowashi kwa adabu, halafu akamwomba msimamizi wao awajaribu, yeye na wenzake, siku 10. Kwa hiyo usijaze daftari. Andika machache, na yaandike ukiwa nyumbani umetulia, maana pale shambani lori limewashwa hutafikiri vizuri.

Neema, mwanangu, hofu yako ni ya kweli. Ila kuna mhubiri wa Marekani, Jonathan Edwards, aliyeandika maazimio 70 kati ya 1722 na 1723, hajafika hata miaka 20. Kabla ya azimio la kwanza alikiri kwamba bila msaada wa Mungu hawezi lolote, akaomba neema ya kuyashika, akajiagiza kuyasoma kila wiki. Neema na kalamu havikugombana. Kinachoniumiza ni kingine: mtu huyo baadaye alimiliki watumwa, na katika maazimio yote 70 hakuna hata moja linalogusa jambo hilo. Alichunguza muda wake, ulimi wake, hata ulaji wake. Ndiyo maana nasema msimamo uguse kwanza pale mkate wako unapotoka. Usipofika hapo, hayo mengine ni mapambo.

Yangu ni matatu. Sinunui mzigo ambao mwenye nao hajauona ukipimwa; ndiyo maana mizani yangu iko mlangoni mwa ghala, uso umeelekea nje, mkulima asome mwenyewe. Kibarua haendi kulala akinidai (Kumb 24:15). Jumapili ghala halifunguliwi, hata msimu uwe umechanganya vipi.

Baba_Wairimu:
Hapa Nyandarua, Kenya, kanuni za mwaka 2019 ziliweka gunia la viazi kilo 50, na bado mabroka wanataka la kichwa. Kwa hivyo usingoje serikali ikushikie msimamo. Lakini Mama, hasara je? Huyu kijana ana familia.

Mama_Ghala:
Hasara ipo, Baba Wairimu, sitamficha. Kuna misimu utarudi na lori nusu. Wapo watakaokuambia uaminifu unalipa upesi. Zaburi 15 haisemi hivyo. Inamsifu aliyeapa kwa hasara yake na asibadili maneno. Ninachoweza kukushauri ni kupiga hesabu ya kilo kabla hujatoka nyumbani: bei ya Dar, toa nauli na ushuru, ujue mwisho wako kwa kilo ni shilingi ngapi. Bei ya shamba ikizidi hapo, geuza lori. Usiseme utafidia kwa kujaza gunia. Na mke wako, maadamu ana jicho hilo, mpe ruhusa ya kukuuliza kila urudipo.

Mnyalukolo_wa_Viazi:
Asante sana Mama. Nimefuta yale matatu yangu ya mwanzo. Nimeandika: "Nanunua kwa kilo, mkulima akiona mizani." Mke wangu kasaini chini, na kaniambia atauliza mbele ya watoto. Nataka mizani ya kuning'iniza. Nitajuaje kwamba inasema kweli?

Mama_Ghala:
Usiitumie kabla Wakala wa Vipimo hawajaihakiki na kuibandika stika. Uhakiki ni kila mwaka, usipitishe. Na uitundike usawa wa macho ya mkulima, si ya kwako.