Mrejesho: yule mtoto wa kukesha

Wapendwa nimerudi, mimi ndo yule niliyelalamika binti yangu wa miezi 4 analala mchana kutwa halafu usiku anataka stori. Sasa hivi simsubirii achoke mpaka alie, akikaa macho kama lisaa limoja na nusu hivi akaanza kujikuna sikio tu namlaza chali kwenye neti. Jioni saa 12 na nusu namwogesha, ananyonya, taa nazima. Siku tatu za kwanza balaa, mama mkwe akasema namtesa mjukuu wake, mpe uji ashibe, nikagoma maana mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Sasa saa 2 usiku kalala, anaamka saa 7 na saa 10 kunyonya. Mchana bado hataki kulala kitandani, nikimshusha tu mgongoni macho kodo!